Somo Aliyenifunza Kufukiza

Kitu cha kwanza alichonifunza Somo hakikuwa udi, kilikuwa dirisha. Zilikuwa zimebaki wiki tatu niolewe, na mama alinipeleka kwake Dunda baada ya Alasiri ili nifundwe kama wanavyofundwa wari wa mji wetu. Nilikaa mkekani nikingoja zile siri nilizosikia wasichana wenzangu wakinong'onezana. Yeye akasema, "Inuka ukafungue dirisha." Nikafungua. "Lote." Nikalifungua lote. "Na mlango wa uani je?" Nikaenda kuufungua. Niliporudi akaniuliza, "Hewa inaingilia wapi na inatokea wapi?" Nikajibu kwamba inaingilia dirishani, inatokea uani.

"Basi leo umesoma," akasema. "Kesho uje mapema."

Nilirudi nyumbani nimekasirika, nikamwambia mama kwamba mwanamke yule ananichezea. Mama alikuwa anapepeta mchele. Akaendelea kupepeta.

Somo alitutoka mwaka jana. Siandiki habari za kuzaliwa kwake wala za watu wake, maana yeye mwenyewe hakuzipenda habari hizo. Mtu akimuuliza ukoo wake, alijibu kwa kuuliza hali ya watoto wa muulizaji. Nilimjua miaka kumi na sita na sikuwahi kumwita kwa jina. Alikuwa Somo kwangu, kungwi aliyenifunda, na alikuwa Somo kwa wanawake wengi wa Bagamoyo walioolewa miaka hiyo, kiasi kwamba akipita njiani kwenda sokoni utamsikia akiitikia "Marahaba, marahaba" kutoka milango ya pande zote mbili, bila kugeuza shingo.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na ncha za vidole vyake zilikuwa na weusi usiotoka kwa limau wala kwa mchanga. Weusi huo ulikuwa wa mkaa, na wa shira. Udi wake aliupika mwenyewe. Alichemsha sukari mpaka ivutike, akatia vipande vya udi na unga wa sandali, akaja kumalizia na marashi na mafuta aliyoyaficha hata sisi tusiyajue. Hakupima kwa kijiko wala kikombe. Aliinamia sufuria, akafumba macho, akavuta pumzi mara moja tu, kisha akasema "Bado" au "Toa." Ukichelewa kuitoa baada ya yeye kusema toa, udi umeharibika, na siku yako pia imeharibika, kwa sababu atakutazama mpaka magharibi.

Mkaa aliununua kwa bwana mmoja aliyeuleta kutoka Fukayosi kwa pikipiki, magunia mawili nyuma na moja mbele. Somo alikaa kizingitini, akachomoa vipande viwili viwili na kuvigonganisha karibu na sikio. Vikilia kama kigae, aliviweka kulia. Vikitoa sauti nzito, aliviweka kushoto. "Hivi bado ni mti," alisema. Yule bwana alikuwa mpole, lakini siku moja alichoka.

"Mama, mkaa ni mkaa."

"Mkaa ni mkaa ukipikia maharage uani," Somo akamjibu. "Mimi huu nauingiza vyumbani kwa watu."

Mimi niliona ni udhia mtupu. Siku ya tatu ya mafunzo yangu alinituma nilete kaa la moto, nami kwa haraka zangu nikalitia kwenye chetezo, kile chombo cha udongo cha kufukizia, likiwa jeusi upande mmoja. Nilipovuka kizingiti tu akasema, "Rudi nalo." Nikasema linawaka tayari. "Linawaka, halijaiva. Lirudishe uani, likae mpaka livae jivu lote, liwe jeupe kama lina mvi. Kaa jeusi lina moshi wa kwake. Haunukii, haukereketi, lakini unapasua kichwa, na chumba kikifungwa unamlaza mtu asiamke."

Nilimuuliza, miaka mingi baadaye, ni kwa nini alikuwa mkali hivyo katika jambo la starehe. Akanieleza mara moja tu na hakurudia tena. Zamani, wakati wa masika, aliitwa kumwosha mwanamke aliyelala na jiko la mkaa chumbani, madirisha yamefungwa kwa ajili ya mvua. Mwanamke yule hakuwa ameungua popote. "Alikuwa mzuri, kama aliyelala kweli," alisema Somo. "Midomo myekundu. Nilimmiminia maji nikidhani ataniambia, taratibu, yana baridi."

Kwa hiyo tulifundwa kwa makatazo. Chetezo kijazwe jivu nusu, ili kaa lisikae juu ya udongo mtupu na kukipasua. Kiwekwe juu ya sinia, na sinia juu ya sakafu. Kisiwekwe juu ya zulia, meza yenye kitambaa, wala kitanda. Usiondoke ukakiacha kinafuka, hata kama ni mgeni anabisha hodi, mgeni atangoja. Pindo la dera likusanywe mkononi kabla hujasimama juu ya moshi. Ukimaliza, kaa litolewe nje likazikwe mchangani, kwa maana, alisema, kaa halifi kwa kusahauliwa. Mtoto mchanga asifukizwe, hata bibi yake aape. Jambo hilo la mwisho lilimgombanisha na mabibi wengi wa mji.

Lakini nitamdhulumu nikimwonyesha kama mtu wa makatazo tu. Ijumaa baada ya kuswali Adhuhuri alioga, akavaa kanga safi, akakaa kwenye kigoda chumbani kwake, na chetezo mbele ya miguu. Aliweka kipande cha udi kisichozidi punje ya hindi. Akiona mwari anataka kuongeza, alimshika mkono: "Harufu ni salamu, si hotuba. Ukiizidisha, wageni wanatafuta mlango." Kisha alikaa. Hakusuka ukili, hakuzungumza, hakushika tasbihi. Aliutazama moshi ukipanda, ukifika usawa wa dirisha na kuvutwa nje, na uso wake ulilegea kwa namna ambayo sikuiona wakati mwingine wowote.

Siku moja, nami ni bibi harusi mpya wa kujua kila kitu, nikamuuliza, "Somo, sasa huu unamfukizia nani? Hapa hakuna mwanamume."

Akafumbua jicho moja. "Kwani mimi si mtu?"

Nilicheka. Leo naona lile ndilo lilikuwa somo kubwa kuliko yote aliyonipa, na alinipa bila kukusudia.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Alitufunza subira ya ndoa, naye aliacha waume wawili, wa pili kwa sababu, alisema, alikuwa akivuta sigara chumbani na hakujali. Alidharau udi wa vijiti unaouzwa madukani, akiuita moshi wa karatasi, na kabatini kwake alikuwa na pakiti yake, aliyoiwasha wakija watu asiowapenda. Alisema uongo ni uchafu wa mdomo, lakini bibi harusi akimuuliza kama amependeza, hakuna aliyewahi kuambiwa hapana. Alikuwa mwepesi wa kuwaonyesha wengine makosa, na kosa lake mwenyewe hakulitamka kwa kinywa hata siku moja. Ukitaka kujua kwamba Somo amejuta, ilibidi umtazame anavyotenda.

Hilo la mwisho nililijua kwa gharama. Mwaka wa nne wa ndoa nilimzaa binti yangu Salha. Somo alikuwa akija kila Alhamisi alasiri kuifukiza nyumba yangu kwa ajili ya Ijumaa, kwa taratibu zake zote, na mimi nikiwa naendelea na cherehani yangu, maana mimi ni fundi wa nguo. Salha alipotimiza miaka miwili kifua chake kilianza kulia. Kila Ijumaa alfajiri alikuwa hoi, mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi. Tulimpeleka hospitali, akawekewa mashine ya mvuke, na daktari, dada mmoja mtaratibu, akaniuliza nyumbani tunachoma nini. Nikamwambia. Akasema mtoto ana pumu, na kwamba moshi wa aina yoyote, uwe udi, ubani au dawa ya mbu, usiingie tena alipo.

Alhamisi iliyofuata Somo alifika na chetezo chake kimefungwa ndani ya kitambaa. Nilimsalimu, nikamkaribisha chai, kisha nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Dirisha lilikuwa wazi?" akauliza.

"Lilikuwa wazi, Somo."

"Kaa lilikuwa limeiva?"

"Limeiva."

"Basi si udi."

"Daktari amesema hata kukiwa na dirisha. Kifua chake hakiwezi."

"Daktari huyo ndiye aliyekufunda?"

Nikasema, na sauti yangu ilikuwa juu kuliko nilivyotaka, "Somo, mwanangu anabanwa na pumzi mbele ya macho yangu."

Alifunga kitambaa chake tena, fundo juu ya fundo. Chai hakuigusa. Miezi minane hakukanyaga kwangu. Nikikutana naye sokoni nilimwamkia, naye aliitikia kama anavyoitikia watu wa milangoni, bila kugeuza shingo.

Alirudi Idi pili. Hakuingia ndani. Alikaa barazani, akaniita nimletee mtoto. Nilipomkaribia nilishtuka, kwa sababu hakuwa na harufu yoyote. Kanga zake zilikuwa zimefuliwa na kuanikwa tu, kama za mtu mwingine yeyote. Alimpakata Salha, akamwekea sikio mgongoni, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Kinaimba bado?"

"Kikipata vumbi, Somo."

"Basi mimi nitakaa hapa hapa nje."

Tangu siku hiyo alikuja kila wiki na kukaa barazani, hata jua likiwa kali, hata manyunyu yakianguka. Niliichukua kuwa ni njia yake ya kuniomba radhi, nikafurahi. Lakini mwaka ule ule Somo alikuwa amepata mafua makali, yaliyomlaza wiki mbili. Mpaka leo sijui kama aliacha kufukiza nguo kwa ajili ya Salha, au kama pua ilikuwa imeshaanza kumwacha, na hakutambua kwamba nguo zake hazinukii.

Maana ilimwacha. Dalili zilikuja moja moja, na kila moja niliipatia sababu. Udi alionizawadia, ambao niliuhifadhi tu kwa mapenzi, ulinuka sukari iliyoungua. Nikasema sukari ya siku hizi. Nilimkuta anakunywa chai ya maziwa yaliyochacha, ananikaribisha; nikasema uzee. Alipokuwa akipika, hakufumba macho tena. Aliwauliza wari waliokuwa karibu, "Mnaonaje, udi umefika?" nao wakajibu umefika, kwa sababu nani angemwambia Somo haujafika? Wateja walipungua bila maneno. Kwetu mtu haendi kumwambia mzee kwamba kazi yake imeharibika. Anaacha tu kuja.

Kisha ikaja siku ya Magomeni, ile ya hapa hapa Bagamoyo.

Ilikuwa asubuhi, siku moja kabla ya harusi ya binti wa jirani yangu mmoja wa zamani. Somo ameitwa kufukiza nguo za bibi harusi, mimi nimeitwa kurekebisha gauni. Chumba kilikuwa na wanawake kama kumi. Somo aliweka chetezo sakafuni, akakifunika kwa kitenga cha ukindu, juu ya kitenga akatandaza kanga na nguo za ndani za hariri, kama alivyofanya maisha yake yote. Kisha akageuka akakipa kitenga mgongo, akaanza kumweleza binti habari za nguo na moto.

"Pindo ndilo linaloungua kwanza," alimwambia. "Mwanamke anajitazama kifuani, anasahau miguuni."

Mimi nilikuwa upande wa pili wa chumba, sindano mdomoni. Nikasikia harufu ya pamba inayoungua. Nikainua kichwa, nikaona na wengine wameinua. Somo alikuwa amekaa umbali wa mkono mmoja tu kutoka kwenye kitenga, uzi mwembamba wa moshi mweusi unapanda nyuma ya bega lake, naye anaendelea kusema kwa utulivu juu ya pindo.

Niliruka nikakikumbatia kitenga na nguo zake, nikakitupa uani. Kanga ya juu ilikuwa na tundu la ukubwa wa sahani, kingo zake nyekundu zinatembea. Tukamwagia maji. Niliporudi ndani, shangazi wa bibi harusi alikuwa amesimama mbele ya Somo.

"Mama, umekaa papo hapo. Hukusikia harufu?"

Somo hakumtazama. Aliitazama mikono yangu iliyolowa. Uso ule nilikuwa nikiuona kwa mara ya kwanza. Ulikuwa uso wa mtu aliyeshikwa na jambo alilolificha muda mrefu, nao ulikuwa umejaa hofu.

Nikasema, "Ni mimi. Nilikisogeza kitenga kwa mguu nilipopita na gauni. Kimegusa kaa."

Shangazi akanigeukia mimi, akanisema vya kutosha, nikapokea. Tulirudi Dunda kwa bajaji tumekaa pamoja. Mlangoni kwake akasimama, ufunguo mkononi.

"Ulikisogeza lini?"

"Nilipopita, Somo."

"Ahsante, mwanangu," akasema, akaingia ndani.

Nilijiona nimefanya wema. Nilimhadithia mume wangu jioni ile nikitaka anisifu. Yeye akaniuliza tu, "Na kwake anafukiza akiwa na nani?" Nikamwambia Somo ameshika moto tangu sisi hatujazaliwa. Nilikuwa na namba ya simu ya binti yake anayeishi Bunju. Ningeweza kumpigia siku ile, au kesho yake, nikamwambia maneno mawili: mama hasikii harufu. Sikupiga. Nilijiambia kwamba siri si yangu. Ukweli ni kwamba niliogopa kuwa mtu aliyemvua Somo nguo mbele ya watu.

Haukupita hata mwezi na nusu. Ilikuwa Ijumaa, mchana. Mama mmoja anayekaanga maandazi mkabala na nyumba yake alisikia harufu ya godoro linaloungua, akadhani ni watu wanachoma taka. Ilipozidi akavuka njia. Alimkuta Somo kwenye kigoda chake anakohoa, macho yanamtoka machozi, na nyuma yake godoro linafuka kutoka ndani. Kaa lilikuwa limeruka kutoka kwenye chetezo, likaingia chini ya shuka. Yule mama alipopiga kelele, Somo aligeuka, akaona, akalikimbilia godoro mwenyewe kulivuta nje. Ndipo moto ulipolipuka na kumshika mguu, kuanzia kifundo mpaka chini ya goti. Waliomtoa walisema kilichomwokoa mpaka dakika ile ni kwamba dirisha lilikuwa wazi lote na mlango wa uani pia.

Hospitali binti yake alinikuta kwenye korido. Alikuwa ametoka Bunju mbio, viatu vya nyumbani miguuni. Akanishika mikono.

"Dada, wewe ndiye uliyekuwa naye kila wiki. Hukuona chochote? Hakuna lililobadilika?"

"Hapana," nikasema.

Neno hilo moja limenikosesha raha kuliko tundu la kanga na kuliko godoro. Yule dada alinishukuru. Alinishukuru kwa kumtunza mama yake.

Somo alihamishiwa Bunju kwa binti yake, nyumba ya Dunda ikafungwa. Nilituma salamu, nilituma samaki wa kukaanga, nilituma na dera nililolishona kwa mkono wangu. Mwenyewe sikwenda. Kila Jumapili nilipata udhuru: Salha anakohoa, kuna nguo za wateja, mvua. Miezi mitatu ilipita hivyo. Siku moja binti yake akanipigia, akaniambia, "Mama anakuulizia. Hasemi mengi siku hizi, lakini wewe anakuulizia." Nikapanda gari asubuhi yake.

Nilimkuta sebuleni, kwenye kiti cha mbao, mguu umenyooshwa juu ya stuli na kufungwa bendeji. Alikuwa amepungua sana. Juu ya kabati la televisheni palikuwa na chetezo cha umeme, kipya, waya wake umeviringwa. Binti yake alitukaribisha juisi, akatuambia anatoka kidogo kwenda dukani na kwa mtu wa dawa, angerudi baada ya saa moja. Alikuwa na uso wa mtu asiyelala vizuri. Nikamwambia aende tu bila haraka.

"Shikamoo Somo."

"Marahaba, mwari wangu. Salha hajambo?"

"Hajambo. Mwaka huu hajabanwa hata mara moja."

"Alhamdulillahi." Akaniuliza habari za mtaa, nani ameolewa, nani amezaa, mama wa maandazi hajambo? Nikamjibu yote. Alinisikiliza huku vidole vyake vikinyoosha pindo la dera, lile nililomshonea. Halafu akasema, kwa sauti ile ile ya kawaida:

"Nikuulize jambo moja, na usinijibu kwa huruma."

"Niulize, Somo."

"Mimi hapa nilipo, nanukia au nanuka?"

Nilikuwa nimeisikia tangu mlangoni. Kulikuwa na harufu ya dawa ya kidonda, na chini yake harufu ya mwili usiooga sawasawa, ya dera lililovaliwa siku nyingi. Binti yake, nilikuja kujua, alikuwa akimwekea maji kila siku, na Somo akikataa kusaidiwa, anajifungia bafuni, anajipangusa anavyoweza na mguu ule, anatoka na kusema nimeoga. Binti alikuwa akimwonea haya mama yake.

"Unanuka, Somo," nikasema.

Alifumba macho.

"Tangu lini?"

"Sijui. Mimi nimefika leo."

"Mwanangu hajaniambia."

"Anakustahi."

"Na wewe hunistahi?"

"Nilikustahi siku ile Magomeni," nikasema. "Sikukigusa kile kitenga, Somo. Nilijua siku ile kwamba husikii harufu. Nilijua nikanyamaza, ukaenda ukaungua. Na mwanao aliponiuliza hospitali nikamwambia sikuona kitu."

Nilitarajia atanigombeza, na nadhani nilitaka anigombeze. Aliutazama mguu wake kwa muda, kisha akanitazama mimi.

"Nilijua hukukigusa," akasema. "Kitenga nilikiweka mimi. Niliingia ndani kwangu siku ile nikamshukuru Mungu kwa uongo wako. Nilisema, basi nina miaka mingine kidogo ya kuitwa." Akapangusa pua kwa kiganja. "Kila siku niliwasha nikisema leo pua itarudi. Nikakaa nikingoja. Sasa hilo ni lako au ni langu?"

"Ni letu wote wawili."

"Ni letu," akakubali. "Mwambie mwanangu. Akirudi, umwambie wewe, mimi nikiwapo. Mimi nitashindwa kuanza."

Nikamwambia nitasema. Nje mtu alikuwa anapita akinadi vyombo vya plastiki. Kisha Somo akashika mikono miwili ya kiti, akajaribu kuinuka.

"Bafu liko kule," akasema. "Maji ya moto yako kwenye birika."

Nilimshika kwapani tukaenda hatua kwa hatua. Nilimkalisha kwenye kiti cha plastiki, nikauviringisha mguu wenye bendeji kwa mfuko wa nailoni, nikauegemeza juu ya ndoo iliyopinduliwa ili usilowe. Nilimvua dera. Nilichanganya maji, nikayajaribu kwa kiwiko, nikamwonyesha naye akatia vidole, akaitikia kwa kichwa kwamba yanafaa. Mlango wa mbele ulifunguka. Binti yake alikuwa amerudi, nikasikia akiweka mifuko yake chini na kutuita. Nikamwitikia kwamba tuko huku, aje.

Somo alisikia hatua zake zikija. Hakujifunika. Akainamisha kichwa, nami nikaanza na nywele.